Umeme wa Nyuklia: Je, Ni Rahisi au Ni Ghali?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita Chama cha Mjadala cha shule yetu kilikutana katika bwalo kujadili hoja hii: "Nchi yetu ijenge kinu cha nyuklia ili umeme uwe rahisi." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono hoja. Nilisema kwa sauti kubwa, nikazitaja nchi zenye vinu vya namna hiyo, nikaitaja urani iliyoko wilaya ya Namtumbo, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilikuwa nimekwisha kujiona mshindi. Ndipo akasimama msichana mmoja wa Kidato cha Pili, akauliza kwa adabu: "Dada msemaji, hicho kinu kitajengwa kwa fedha taslimu au kwa fedha za kukopa? Na kama ni za kukopa, riba itakuwa kiasi gani, na itaanza kuhesabiwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mengi yasiyokuwa na maana, nikaketi. Kura zilipopigwa, upande wetu ulishindwa vibaya. Lakini kilichoniuma si kushindwa. Kilichoniuma ni kwamba katika bwalo lile zima mimi ndiye niliyepaswa kulijua jibu kuliko wote, maana swali lile lilikwisha kuingia nyumbani kwetu, likaondoka na ng'ombe wawili.

Tangu siku ile nimesoma habari za umeme kila nipatapo nafasi, nikisaidiwa na mwalimu wetu wa Fizikia na mwalimu wetu wa Jiografia. Haya niyaandikayo ndiyo niliyojifunza. Nataraji yatawafaa wenzangu katika masomo, na wazazi pia katika mambo ya nyumbani.

1. MASHINE YA MJOMBA

Kwanza niwaeleze habari ya mjomba wangu, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho.

Mjomba alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli kijijini kwetu. Aliinunua kwa bei ndogo, tena ilikuwa imekwisha kutumika. Lakini kila asubuhi, kabla ya kusaga debe la kwanza, ilimpasa anunue mafuta. Mafuta yakipanda bei, faida yake ilishuka. Mafuta yakikosekana, mashine ilinyamaza, na akina mama walirudi makwao na mahindi yao kichwani.

Mwaka 2022 dizeli ilipopanda sana, mjomba aliamua kununua mashine ya umeme. Alikwisha kupiga hesabu ya kuwa umeme ungempunguzia gharama ya kila debe karibu nusu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Alikopa shilingi milioni 6 katika chama kimoja cha kuweka na kukopa, kwa riba ya 2 kwa mia kila mwezi. Bibi yangu akakubali ng'ombe wake wawe dhamana.

Mashine ilifika, umeme haukufika. Nguzo zilichelewa, zilipokuja nguzo, transfoma ikachelewa. Mashine ilikaa miezi 9 chini ya turubai. Riba haikukaa. Kila mwezi ilidai shilingi 120,000, na katika miezi 9 ilikuwa imefika shilingi 1,080,000, wala mashine haikuwa imesaga hata kibaba kimoja. Mwishowe bibi aliuza ng'ombe wawili. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa yakininunulia madaftari na sabuni ya shule.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo inawahusu wavivu tu. Sasa najua inamhusu hata mtu mwenye bidii, ikiwa amehesabu madebe akasahau kuhesabu miezi.

Basi, wasomaji, shikeni mambo matatu, maana tutayatumia mpaka mwisho wa somo hili. Mtambo wowote wa umeme una gharama tatu. Ya kwanza ni gharama ya kujenga. Ya pili ni gharama ya kuendesha, yaani mafuta, mishahara na matengenezo. Ya tatu ni gharama ya fedha zenyewe, yaani riba, nayo hukua kwa kadiri muda unavyopita. Watu wengi tunapobishana juu ya umeme huitazama ya pili peke yake. Mimi pia siku ile ya mjadala niliitazama ya pili peke yake.

2. KINU CHA NYULIKIA HUFANYAJE KAZI?

Kwa hakika kinu cha nyuklia hakina uchawi. Katika kituo cha makaa ya mawe, moto huchemsha maji, mvuke hutoka kwa nguvu, nao huzungusha mashine ya kufua umeme. Katika kinu cha nyuklia mambo ni yale yale, isipokuwa moto haupo. Joto hutoka katika viini vya atomu za urani. Nyutroni hukigonga kiini, kiini hupasuka, hutoa joto na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo huenda kuvigonga viini vingine. Mafundi huzizuia nyutroni hizo kwa fimbo maalumu, ili joto liwe la kiasi na lisizidi.

Urani inayotoka ardhini haifai kutumika hivyo hivyo katika vinu vilivyo vingi duniani. Katika kila sehemu 1,000 za urani, sehemu kama 7 tu ndizo za aina ipasukayo kwa urahisi. Kwa hiyo hurutubishwa kwanza mpaka aina hiyo ifike kama sehemu 30 hadi 50 katika 1,000, kisha hutengenezwa vipande vidogo vya kutia katika kinu. Kazi hiyo hufanywa na nchi chache tu. Kumbe basi kuwa na urani Namtumbo hakutoshi kutupa mafuta ya kinu, kama vile kuwa na shamba la pamba hakutoshi kumpa mtu shati.

3. MAFUTA NI KIDOGO, JENGO NI GHALI

Hapa ndipo penye ajabu ya nyuklia. Kipande kimoja cha mafuta ya urani, kisichozidi ncha ya kidole, hutoa joto kama la tani moja ya makaa ya mawe. Kituo cha megawati 1,000 cha makaa ya mawe hula zaidi ya tani milioni mbili na nusu kwa mwaka. Tukihesabu lori moja kuwa tani 30, hayo ni malori zaidi ya 200 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kinu cha nyuklia cha nguvu hiyo hiyo huhitaji kama tani 27 za mafuta kwa mwaka mzima. Kwa uzito, huo ni mzigo wa lori moja.

Kwa ajili hiyo bei ya urani ikipanda, bei ya umeme wa nyuklia husogea kidogo tu. Mashine ya dizeli ya mjomba ilikuwa kinyume cha hayo: rahisi kununua, ghali kulisha. Vituo vya gesi ni ndugu zake mashine ile. Hujengwa upesi na kwa fedha si nyingi, lakini lazima vilishwe gesi kila saa. Nchi za Ulaya zililiona jambo hilo mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, na ankara za umeme zikawashtua watu majumbani.

Kinu cha nyuklia ni ndugu yake mashine ya umeme ya mjomba. Kulisha ni rahisi, kujenga ni ghali. Kuta zake ni nene mno, mabomba yake hukaguliwa moja moja, na kila kifaa cha usalama huwekewa kingine cha akiba. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 na ya Fukushima mwaka 2011, masharti ya usalama yaliongezwa tena. Haifai kulaumu jambo hilo. Usalama ni haki ya watu. Lakini usalama nao hununuliwa, na bei yake imo ndani ya jengo.

4. RIBA HUFANYA NINI?

Sasa tupige hesabu ambayo msichana yule wa Kidato cha Pili aliitaka.

Tuseme kilowati moja ya kinu cha nyuklia hugharimu dola 6,000 kuijenga. Mwaka una saa 8,760. Vinu vinavyoendeshwa vizuri hufanya kazi kama 90 kwa mia ya saa hizo, kwa hiyo kilowati ile moja itatoa uniti 7,884 kwa mwaka. Fedha zote zimekopwa.

Riba ikiwa 3 kwa mia kwa mwaka, tutalipa riba ya dola 180. Gawanya kwa 7,884. Kila uniti imebeba riba ya senti 2.3 za dola.

Riba ikiwa 10 kwa mia, tutalipa dola 600. Gawanya tena. Kila uniti imebeba riba ya senti 7.6.

Tazameni vizuri. Kinu ni kile kile, urani ni ile ile, mafundi ni wale wale. Kilichobadilika ni mkopo tu, na uniti imeongezeka senti zaidi ya 5 kabla hatujaanza kurudisha deni lenyewe. Kwa hiyo anayeuliza, "Je, nyuklia ni rahisi?" hajamaliza swali lake. Inampasa aongeze: "Kwa mkopo wa nani, na kwa riba gani?"

Misri wanajenga vinu vinne mahali paitwapo El Dabaa, pwani ya Bahari ya Mediterania, kila kimoja megawati 1,200. Ujenzi wa kinu cha kwanza ulianza Julai 2022. Urusi iliwakopesha dola bilioni 25 kwa riba ya 3 kwa mia, mkopo uliokusudiwa kulipia 85 kwa mia ya gharama. Riba hiyo ni ndogo. Lakini tusisahau ya kuwa mkopeshaji ndiye pia anayejenga na anayeuza mafuta ya kinu. Mtu akikukopesha, akakujengea, na akakuuzia, yakupasa uusome mkataba mara mbili.

5. MIEZI CHINI YA TURUBAI

Baada ya riba huja ndugu yake, nayo ni kuchelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika ujenzi wa nyuklia huumiza hazina ya taifa.

Nchini Finland, kinu cha tatu cha Olkiluoto kilianza kujengwa mwaka 2005, nacho kilitazamiwa kutoa umeme mwaka 2009. Kilianza kazi yake ya kawaida Aprili 2023.

Nchini Ufaransa, kinu cha tatu cha Flamanville kilianza mwaka 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3, kiwe tayari mwaka 2012. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, na kampuni yenyewe ilikadiria gharama kuwa imefika euro bilioni 13.2, bila riba.

Nchini Marekani, katika jimbo la Georgia, vinu viwili vipya vya Vogtle vilitazamiwa kugharimu dola bilioni 14 na kuwa tayari mwaka 2016 na 2017. Vilikuwa tayari mwaka 2023 na 2024, na gharama ilikuwa imezidi dola bilioni 30. Kampuni ya Westinghouse, iliyobuni vinu hivyo, iliomba kinga ya muflisi mwaka 2017.

Turudi kwenye hesabu yetu. Ikiwa umekwisha kutumia dola 6,000 za mkopo, na kinu kikachelewa miaka 7, na riba ni 10 kwa mia ikirundikwa juu ya deni kila mwaka, utakapowasha taa ya kwanza deni litakuwa kama dola 11,700. Hukuongeza tofali hata moja, na bei imekaribia kuwa maradufu. Hiyo ndiyo mashine ya mjomba chini ya turubai.

Nisiseme upande mmoja tu. Ufaransa hiyo hiyo iliamua mwaka 1974 kujenga vinu vingi, na katika muda wa miaka kama kumi na mitano ilikuwa na vinu zaidi ya 50, kwa sababu ilirudia michoro michache ile ile na mafundi wake hawakukaa bure. Falme za Kiarabu nazo ziliweka mkataba na Wakorea mwaka 2009 wa vinu vinne vinavyofanana huko Barakah. Cha kwanza kilianza kuuza umeme mwaka 2021, miaka minne baada ya ahadi, na cha nne mwaka 2024. Leo robo ya umeme wa nchi hiyo hutoka hapo. Funzo ni kwamba kinu cha kwanza ni mwalimu, nacho hutoza ada kubwa. Anayejenga kimoja tu hulipa ada yote bila kufaidi masomo.

Wala kuchelewa si ugonjwa wa nyuklia peke yake. Majirani zetu wa Kenya walijenga mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kuusafirisha umeme haikukamilika mpaka Septemba 2018. Upepo ulivuma, mitambo haikuwa na mahali pa kuupeleka umeme, na serikali ikatakiwa kulipa fidia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba, nikafunga kitabu.

6. TULINGANISHE KWA HAKI

Wapinzani wangu katika mjadala walisema bwawa ni rahisi kuliko nyuklia karibu mara tano. Je, walisema kweli? Walisema nusu ya kweli.

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi ulitiwa sahihi Desemba 2018 kwa dola karibu bilioni 2.9, nazo zilitoka katika fedha za serikali yenyewe. Gawanya, utapata kama dola 1,370 kwa kilowati. El Dabaa, tukichukua gharama kuwa dola bilioni 29.4, hutupa kama dola 6,100 kwa kilowati. Kwa hesabu hiyo bwawa limeshinda mbali.

Lakini mwalimu wetu wa Fizikia aliniuliza, "Je, unanunua kilowati au unanunua uniti?" Maana bwawa hutegemea mvua, na mashine zake hazizunguki zote kwa nguvu mwaka mzima. Bwawa la Nyerere lilikadiriwa kutoa uniti bilioni 5.92 kwa mwaka, nazo ni kama theluthi moja ya uwezo wake. Kinu cha nyuklia hufanya kazi usiku na mchana. Basi niligawanya gharama ya ujenzi kwa uniti za mwaka mmoja, nikapata hivi:

Bwawa la Nyerere: kama senti 49 za dola kwa kila uniti ya mwaka.
Mtambo mkubwa wa jua, kwa wastani wa dunia mwaka 2023: kama senti 53.
El Dabaa, ikimalizika kwa bei iliyopangwa: kama senti 78.
Vogtle: zaidi ya senti 170.

Hesabu hii si bei ya kuuzia umeme; ni ya kupimia jengo tu, bila riba. Lakini yatufundisha mambo mawili. Kwanza, tofauti ya bwawa na nyuklia si mara tano. Kwa bei ya El Dabaa ni kama mara moja na nusu. Pili, tofauti ya kinu na kinu ni kubwa kuliko tofauti ya kinu na bwawa.

Ama jua, habari yake ni ya kushangaza. Mwaka 2010 kilowati moja ya mtambo mkubwa wa jua iligharimu zaidi ya dola 5,000. Mwaka 2023 ilikuwa kama dola 760. Katika muda ambao Finland na Ufaransa walikuwa wakingoja kinu kimoja kimoja, bei ya jua ilianguka kama nazi. Tena mtambo wa jua hujengwa kwa miezi, si kwa miaka, kwa hiyo riba haipati nafasi ya kunenepa. Ila jua huzama. Anayetaka kusoma prepo kwa taa ya jua lazima anunue na betri, na bei ya betri lazima itiwe katika hesabu. Kadhalika wenzetu wa Kenya wana mvuke wa ardhini huko Olkaria, ambao hautegemei mvua wala jua. Kila nchi na ichunguze kwanza kilichomo katika ghala lake.

7. MEMA YA NYUKLIA, NA DENI LA MWISHO

Nikiwa mwanafunzi mwaminifu, sina budi kuyasema mema yake pia. Nyuklia haitoi moshi. Ukame hauizimi kama unavyozima mashine za mabwawa. Sote tunakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023, maji yalipopungua. Tena kinu huishi muda mrefu. Kinu cha Koeberg, karibu na Cape Town, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika. Mashine yake ya kwanza ilianza mwaka 1984, na mwaka 2024 iliruhusiwa kuendelea miaka 20 zaidi. Kinu ambacho deni lake limekwisha kulipwa hutoa umeme wa bei nafuu, kwa sababu kilichobaki ni mafuta kidogo, mishahara na matengenezo.

Lakini kuna deni jingine mwishoni. Mabaki ya mafuta ya kinu hubaki hatari kwa maelfu ya miaka, na kinu chenyewe kikizeeka hubomolewa kwa uangalifu na gharama kubwa. Finland wamechimba mahandaki ndani ya mwamba, kina cha zaidi ya mita 400, ili kuyazika mabaki hayo. Nchi inayojenga kinu yapasa iweke akiba ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kama mtu mwenye busara awekavyo akiba ya uzee.

Liko na jambo la ukubwa. Mashine moja ya Bwawa la Nyerere ikisimama, hupotea megawati 235. Kinu kimoja kama vya El Dabaa kikisimama ghafula, hupotea megawati 1,200, yaani kama mashine tano za Nyerere kuzimika kwa dakika moja. Gridi ndogo haivumilii pigo kama hilo. Kwa hiyo kabla ya kununua kinu kikubwa, gridi yenyewe lazima ikue, nayo gharama hiyo ni ya mnunuzi.

8. JIBU LANGU

Je, umeme wa nyuklia ni rahisi au ni ghali? Nimeona ya kuwa ni rahisi kwa mwenye mkopo wa riba ndogo, mafundi waliokwisha kujenga vingine, gridi kubwa, na subira ya miaka sitini. Ni ghali mno kwa mwenye haraka, mwenye mkopo mzito, na mwenye kujenga kimoja tu. Hoja ile ikiletwa tena leo, mimi nitasimama upande wa wanaosema, "Bado." Sitasema, "Kamwe." Tutumie kwanza maji, gesi, jua na upepo, ambavyo tunaweza kuvijenga kidogo kidogo bila kuweka mali yote dhamana mara moja; na wakati huo huo tusomeshe wahandisi, ili siku ya kuutazama mkataba wa nyuklia ikifika, aweko mtu wetu wa kuusoma.

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba amemaliza deni lake. Mashine inasaga vizuri, na akina mama hawarudi tena na mahindi yao. Nilimwuliza kama anajuta. Akanijibu, "Mwanangu, mashine haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeenda kukopa kabla ya kuziona nguzo." Ng'ombe mmoja amerudi zizini kwa bibi. Wa pili bado.

Na wewe mdogo wangu wa Kidato cha Pili, ahsante kwa swali lako. Nimekulipa jibu baada ya muhula mzima. Naomba usinidai riba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kilowati ya kinu hugharimu dola 5,000, na hutoa uniti 7,884 kwa mwaka. Tafuta riba inayobebwa na kila uniti ikiwa mkopo ni wa 4 kwa mia. Kisha ikiwa ni wa 8 kwa mia.

2. Jenereta ya dizeli na mtambo wa jua: kipi kinafanana na mashine ya kwanza ya mjomba, na kipi kinafanana na ya pili? Toa sababu.

3. Mjomba angengoja nguzo zifike ndipo akope, angeokoa shilingi ngapi? Waulize wazazi wako kama wamewahi kulipia kitu kilichokaa bila kufanya kazi, nawe upige hesabu yake.